Kukagua deki ya CD tano ya mtumba kabla hujatoa pesa

Deki za CD tano zinazouzwa kwa bei nafuu Arusha na Moshi nyingi ni used. Mezani kwa muuzaji karibu zote zinawaka na kuimba wimbo wa kwanza. Ubovu hujificha kwenye wimbo wa mwisho na kwenye nafasi ambazo hazikujaribiwa, kwa hiyo usiridhike na CD ya muuzaji. Nenda na zako.

Hatua ya 1: CD za kujaribia

Beba tano ili zijaze trei nzima. Moja iwe ya kiwandani yenye zaidi ya dakika 60, nyingine iliyochomwa kwenye kompyuta, nyingine yenye mikwaruzo midogo. CD ya kuchoma huakisi mwanga kidogo kuliko ya kiwandani, ndiyo maana lenzi iliyochoka huikataa mapema. Kama kwaya na taarab zako zilichomwa mtaani, jaribio hili ndilo la maana kuliko yote. Nyimbo za MP3 ni suala jingine: kama usoni mwa deki hapajaandikwa MP3, usitegemee.

Hatua ya 2: Kibandiko cha nyuma

Kisome kabla hujachomeka waya. Ikiwa ni 220 hadi 240V, endelea. Ya 100V ilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ya 120V kwa Marekani. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230V, utaiunguza. Inataka transfoma ya kushusha umeme, na gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei.

Chungulia na chini. Baadhi zina skrubu za kusafirishia zinazokaza mtambo wa lenzi. Zisipotolewa deki haisomi kitu, na mtu anadhani lenzi imekufa.

Hatua ya 3: Trei

Fungua na ufunge mara 10. Ikisita katikati, au mota inalia huku trei imesimama, mkanda wa mpira umelegea. Hilo lisikukimbize, fundi redio anaubadilisha. Lakini ukisikia tak-tak-tak, gia ya plastiki imevunjika jino. Achana nayo, maana gia ya modeli moja ni nadra kuingia kwenye nyingine. Kisha ita nafasi ya 1 hadi ya 5, halafu ruka kutoka 5 kwenda 2. Namba ya kwenye kioo ilingane na CD inayoimba.

Trei ya duara ni bora kuliko ile ya kasha la kuchomeka CD sita. Kasha likipotea, kupata jingine ni kazi.

Hatua ya 4: Lenzi

Hapa usiwe na haraka. Weka CD na uhesabu: ndani ya sekunde chache kioo kionyeshe idadi ya nyimbo. Ikizungusha, ikasimama, ikazungusha tena, lenzi ni chafu au imechoka. CD husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho wa ile CD ndefu. Mwanzo ukiimba vizuri na mwisho ukaruka, mara nyingi grisi ya reli za lenzi imekauka na kushika vumbi. Iache iimbe dakika 20. Lenzi dhaifu huanza kuruka mashine ikishapata joto.

Muuzaji akikubali ifunguliwe, chomoa umeme kwanza. Lenzi ni kijicho kidogo kama dengu. Ifute taratibu kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti ya isopropili, bila kukandamiza, maana imeshikiliwa na nyaya nyembamba sana. Ikikauka, rudia jaribio. Ikiendelea kuruka, bei ya lenzi mpya pamoja na ufundi ndiyo punguzo unaloomba.

Hatua ya 5: Kuunganisha nyumbani

Waya mwekundu ni kulia, mweupe kushoto. Chomeka kwenye AUX au CD ya amplifaya au sabufa. Usichomeke kwenye PHONO: hiyo ni ya santuri, hukuza sauti mno na itakwaruza. Upande mmoja ukiwa kimya, badilishanisha pini nyekundu na nyeupe nyuma ya deki. Ukimya ukihamia upande wa pili, kasoro iko kwenye deki. Ukibaki palepale, kagua waya na spika.