Tui lisikatike kwenye mchuzi wa samaki

Kwa wapishi wenzangu wa Tanga: mchuzi wa changu usitie tui lote mara moja. Chemsha samaki kwa tui jepesi, nyanya na ukwaju viive humo humo. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, iingie mwisho, moto mdogo, huku unakoroga taratibu kwa upawa. Ukiona vipovu vidogo pembeni mwa sufuria, epua. Moto mkali na ukali wa ukwaju hugandisha protini ya tui, mafuta yakajitenga juu. Mafuta ya kukaangia sijayahitaji kabisa, nazi yenyewe inatosha. Ila nazi iliyoanza kuchacha itakatika tu, hata uibembeleze vipi. Kiporo nacho, ukikichemsha tena usiku, hukatika, ladha haiharibiki.