Kufundisha wakimya na wasemaji katika darasa moja

Ukiuliza swali mbele ya wanafunzi 60, mikono inayonyooka ni ileile mitano au sita, na kelele ni zilezile: “Mimi mwalimu! Mimi!” Ukiwafuata hao, kipindi cha dakika 40 kitakwisha ukidhani darasa zima limeelewa.

Kabla ya kubadili chochote, chunguza kwa wiki moja. Chora madawati kwenye karatasi. Kila mwanafunzi anapozungumza, weka alama mahali pake. Ijumaa tazama palipobaki patupu. Usikimbilie kusema “huyu ni mpole kwa hulka.” Katika Kidato cha Kwanza Tanzania, mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili huenda ananyamaza kwa kuwa Kiingereza bado hakijamkaa mdomoni. Mwache ajadili kwa Kiswahili kwanza, kisha umtazame upya. Mwingine hasikii vizuri, au haoni ubao: msogeze mbele siku mbili tatu kabla hujampa jina.

Kisha geuza namna ya kuuliza. Uliza, halafu nyamaza. Miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu husubiri takribani sekunde moja tu. Wakisubiri tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanaojitokeza huongezeka. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Utaona kama mwaka, vumilia.

Kwa swali zito, toa dakika moja kila mtu aandike daftarini bila kunong'ona, dakika mbili alinganishe na jirani wa dawati, ndipo uite majina. Mkimya hapo anasoma alichokwisha kuandika, au anaanza na “sisi tumeona”, ambayo ni nyepesi kuliko “mimi naona”. Walimu wakibanwa na muda huiruka ile dakika ya kuandika, na ndiyo yenye kazi yote: bila hiyo, msemaji anaamua na jirani yake anaitikia tu.

Wasemaji nao usiwazibe midomo, watakusumbua kwa njia nyingine. Kwenye kikundi cha wanne, mpe kila mmoja vifuniko vitatu vya soda. Akisema anatoa kimoja; vikimwishia anasikiliza mpaka wenzake watoe vyao. Kikundi cha watu saba ni kikubwa mno, watatu watasinzia. Wakati wa kuripoti, msemaji aeleze hoja ya mwenzake, si yake.

Mwenye wasiwasi mdokeze mapema: “Swali la tatu nitakuuliza wewe.” Usimshtukize ubaoni. Darasa likimcheka aliyekosea, likemee palepale, la sivyo kesho hata waliokuwa wameanza kufunguka watajikunyata.

Jambo moja la kuacha: kugawa wanafunzi kuwa “wa kuona”, “wa kusikia” na “wa kutenda”. Utafiti haujathibitisha kwamba kumfundisha kila mmoja kwa mtindo wake kunamwongezea uelewa. Somo la moyo na mishipa linataka mchoro kwa wote, kwa sababu ya somo lenyewe.

Baada ya wiki tatu chora ile karatasi upya. Alama zikiwa hazijahama, jikague kwanza: je, zile sekunde tano ulizisubiri kweli?