Jinsi ya kununua kasha la kwanza la mvinyo wa uwekezaji Uingereza, na kuhakikisha ni lako kweli

Shemeji yangu alinipigia Jumapili moja usiku, sauti ya chini kama mtu aliyejificha chooni asisikiwe na mkewe. "Shem, wewe si mtu wa mvinyo? Nimenunua makasha mawili ya Bordeaux. Sasa sijui yako wapi."

Alipigiwa simu na dalali mwenye maneno matamu, akalipa, akatumiwa cheti chenye lakiri ya dhahabu. Basi. Mimi nimemimina mvinyo kwenye migahawa ya London miaka tisa, na makasha yangu machache nimeyanunua kwa jasho la bakshishi, kwa hiyo nikadhani tutalimaliza kwa simu mbili. Lilichukua wiki kumi na moja. Naandika haya kwa walioko Uingereza wanaotaka kujaribu. Kama pombe hairuhusiwi kwenye dini yako, biashara yake nayo ni vilevile, kwa hiyo usipoteze muda hapa.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla hujapenda chupa

Tumia pesa ambayo hutaigusa miaka minane au kumi. Mvinyo haulipi gawio wala kodi ya pango, unakaa tu gizani. Kuuza mvinyo hakusimamiwi na FCA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia huduma za fedha, kwa hiyo ukitapeliwa hakuna mfuko wa fidia wa kukukimbilia.

Tuseme kasha limekugharimu pauni 1,800. Kulihifadhi pamoja na bima, weka pauni 15 kwa mwaka. Miaka minane ni 120. Siku ya kuuza, anayeliuza kwa niaba yako akikata asilimia 10, inabidi liuzwe kama pauni 2,133 ndipo urudishe pesa yako tu. Yaani bei ipande asilimia 18 na zaidi kabla hujapata hata nauli ya basi. Wengi wanaokupigia simu huishia kwenye ile 1,800 na kukuchorea mlima.

Hatua ya 2: Chagua mvinyo ambao watu wengi wanautafuta

Kwa kasha la kwanza, nunua mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa. Najua Burgundy, mkoa mwingine wa hukohuko, ndiyo yenye majina ya kutamba nayo, ila shamba la Burgundy linaweza kutoa chupa chache mno hata bei yake haijulikani mpaka mtu auze. Nyumba kubwa ya kutengeneza mvinyo Bordeaux hutoa maelfu ya makasha kila mwaka, kwa hiyo wanunuzi na wauzaji hawakosekani na bei inaonekana wazi.

Ngazi za nyumba za Bordeaux zilipangwa mwaka 1855 kwa ajili ya maonyesho ya Paris, na madalali walizipanga kwa kufuata bei za sokoni. Juu kabisa waliwekwa Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Mouton Rothschild akapandishwa mwaka 1973. Hao watano wana bei ya kutisha. Mimi huenda ngazi za chini yao, kwa Léoville-Barton au Lynch-Bages, mwaka mzuri wa mavuno kama 2005, 2009, 2010 au 2016. Lynch-Bages mwaka 1855 aliwekwa daraja la tano, la mwisho, lakini soko la leo linamlipa zaidi ya baadhi ya waliowekwa la pili. Karatasi ya zamani isikutawale.

Chupa kuukuu za Burgundy zikwepe kabisa. Rudy Kurniawan aliwauzia matajiri wa Marekani mvinyo aliouchanganya nyumbani kwake California na kuubandika lebo za kale. Mwaka 2014 alihukumiwa miaka kumi jela New York. Mojawapo ya mambo yaliyomuumbua ni chupa za Clos Saint-Denis za nyumba ya Ponsot zilizopelekwa mnadani mwaka 2008, zikidai kuwa za tangu 1945. Mwenye nyumba hiyo ya mvinyo akasema kwao mvinyo huo walianza kuutengeneza miaka ya 1980. Kama mabilionea walimeza hilo, mimi na wewe tutaona nini?

Na usikimbilie kilicho moto. Mwaka 2010 Lafite walitangaza kwamba chupa zao za 2008 zitachorwa tarakimu nane ya Kichina, nambari ya bahati huko. Bei ikaruka, maana China ndiyo iliyokuwa ikinunua. Mwaka uliofuata soko likageuka, na walionunua kileleni wakabaki na nane yao.

Kuna pia kununua mvinyo ungali kwenye mapipa: unalipa masika ya mwaka unaofuata mavuno, chupa zinakuja baada ya miaka kama miwili. Sisi tuliotoka Kagera tunalijua jambo hili kwa jina la butura, mkulima anapouza kahawa ikiwa bado maua. Tofauti ni kwamba kwetu anayeumia ni mkulima. Bordeaux anayeumia ni mnunuzi, maana kwa miaka mingi ya karibuni mvinyo uleule umekuja kupatikana kwa bei ileile au chini zaidi ukiwa umeshatiwa kwenye chupa. Latour wenyewe walijitoa kwenye utaratibu huo mwaka 2012. Mimi simshauri mtu. Nunua uliomo kwenye chupa, ulioshaonjwa, wenye miaka kumi au zaidi.

(Mtu ataniuliza kuhusu mvinyo wa Dodoma. Kunywa, tena kwa raha. Ila hakuna soko la watu wanaouziana Dodoma ya zamani, na bila soko hilo hakuna uwekezaji.)

Hatua ya 3: Tafuta bei

Ingia tovuti ya Wine-Searcher, andika jina na mwaka. Linganisha bei ya ghalani na bei ya ghalani, yaani ya mvinyo ulio kwenye ghala la forodha. Utaona herufi IB (in bond) pembeni, maana yake ushuru na VAT havijalipwa. Angalia pia kama bei ni ya chupa moja, kasha la sita au la kumi na mbili. Bei ya chini kabisa iruke, mara nyingi ina kasoro. Na kumbuka hizo ni bei wanazoomba, si walizolipwa.

Liv-ex, soko la wafanyabiashara wa mvinyo lililoanzishwa London mwaka 2000, halipokei watu binafsi, lakini faharisi zake za bei husomeka. Zilifika kilele mwaka 2022 kisha zikashuka kwa muda mrefu. Ukikutana na muuzaji ambaye grafu yake inaishia 2022, mshukuru na ukate simu.

Hatua ya 4: Ghala. Hapa ndipo penyewe

Mvinyo wa uwekezaji Uingereza hukaa kwenye ghala la forodha. Humo ndani hakuna ushuru wala VAT mpaka siku unapoutoa. Yako machache yanayojulikana kwa mvinyo wa namna hii: London City Bond na tawi lake la Vinothèque, na Octavian, ambao makasha yao yako chini ya ardhi kwenye machimbo ya zamani ya mawe huko Corsham, Wiltshire. Joto ni kama nyuzi 13, giza, unyevu wa kutosha ili vizibo visikauke.

Hayo kila muuzaji atakwambia. Asichokwambia ni kwamba kuna akaunti za aina mbili ghalani. Kuna akaunti ya mfanyabiashara, ambamo anaweka bidhaa zake na za wateja wake, na kuna akaunti yako binafsi. Ankara ya shemeji iliandika tu "imehifadhiwa ghalani". Ghala gani? Haikusema. Tulimbana dalali siku tisa ndipo akataja. Nikapiga simu ghalani, dada mmoja akanijibu kwa upole kwamba hana mtu wa jina hilo, na yaliyomo kwenye akaunti ya mfanyabiashara hawezi kunisomea kwa sababu si yangu. Alikuwa sahihi kabisa, na ndiyo maana nilikosa usingizi.

Kwa nini nikose usingizi? Kwa sababu ya kesi ya London Wine Company, iliyofilisika miaka ya 1970. Wateja walikuwa na hati nzuri tu zikisema mvinyo ni wao. Mahakama ikauliza: kasha lipi hasa, kati ya yote yaliyomo, ni la nani? Hakuna aliyeweza kuonyesha, kwa sababu hayakutengwa. Wakahesabiwa kuwa wadai wa kawaida. Mwaka 1994, kwenye kesi ya Stapylton Fletcher, wateja ambao mvinyo wao ulikuwa umetengwa na ule wa biashara waliokolewa, na mwaka 1995 sheria ikarekebishwa kidogo kumsaidia aliyelipia sehemu ya rundo linalotambulika. Lakini wewe hutaki kuwa mtu wa kusaidiwa na marekebisho. Unataka kasha lenye namba yake, kwenye akaunti yenye jina lako. Kile cheti cha lakiri ya dhahabu kichome.

Tulivyofanya, na wewe uanze KABLA ya kulipa:

Kwanza fungua akaunti yako binafsi ghalani. Wanataka pasipoti na uthibitisho wa anwani. Hapa tulipoteza wiki mbili nzima kwa ajili ya majina. Shemeji ana majina matatu kama Mtanzania yeyote: lake, la baba, la babu. Ankara ilichukua la kwanza na la pili, pasipoti ina yote matatu, bili ya umeme ina la kwanza na la tatu. Kwa mfumo wa ghala hao ni watu watatu. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na umlazimishe muuzaji aandike ankara hivyohivyo.

Pili, mwandikie muuzaji: nalipa, na ndani ya siku kadhaa, uzitaje, uagize ghala lihamishie makasha kwenye akaunti namba fulani. Anayetoa agizo ni yeye, si wewe. Usipoteze muda kuliomba ghala. Kama mvinyo uko kwenye ghala lilelile, ni kazi ya karatasi tu, hakuna anayeinua kasha, na gharama ni ndogo. Kama uko ghala jingine, lazima usafirishwe, na usafiri huo uwe wa ghala kwa ghala chini ya forodha. Akikwambia "nitakuletea nyumbani kisha wewe upeleke ghalani", kataa. Ukishatoka umetoka, historia yake imekatika.

Tatu, uliza ni nani atalipa uhamisho. Wengine wanakutoza kwa sababu wanataka ubaki kwao. Mimi nalipa bila kunung'unika. Ndiyo pesa ninayoitoa kwa moyo mweupe kuliko zote kwenye shughuli hii.

Nne, na hili ndilo karibu litupite: uhamisho ukikamilika, ingia kwenye akaunti usome taarifa mstari kwa mstari. Jina la nyumba. Mwaka. Ukubwa wa chupa. Idadi. Kasha la mbao la asili au katoni. Namba ya kila kasha. Shemeji alikwisha kufungua soda. Mimi nikasoma mara ya pili, nikaona kasha moja ni la 2010 kama alivyolipia, la pili ni la 2011. Tarakimu moja tu! Ila 2010 ni mwaka uliosifiwa na kila mtu, na 2011 ni mwaka ambao hata wauzaji huuzungumzia kwa sauti ndogo. Dalali alisema mwandishi wake alikosea. Inawezekana. Wiki nne nyingine za barua pepe, likabadilishwa.

Tano, omba picha na ukaguzi wa hali. Hutozwa pauni chache kwa kasha. Unatazama mvinyo umefika wapi shingoni: kwa chupa ya miaka kumi na kitu uwe shingoni hasa, usiwe umeshuka mabegani. Tazama vizibo kama vimevuja na lebo kama zina madoa.

Sita, bima. Uliza inalipa bei uliyonunulia au bei ya soko ya siku hiyo. Jibu liwe kwa maandishi.

Watauliza pia kuhusu programu za simu zinazouza vipande vya kasha kwa pauni hamsini. Rudia maswali ya hatua hii: ghala gani, namba ipi, jina la nani? Ukipata majibu matatu yaliyonyooka, nistue, maana mimi sijawahi kuyapata.

Hatua ya 5: Lipa

Kwa benki, kwa akaunti yenye jina la kampuni iliyo kwenye ankara.

Hatua ya 6: Kaa mbali nalo

Usilitoe. Ukilitoa unalipa ushuru kulingana na kiwango cha kilevi, juu yake VAT ya asilimia 20, na wafanyabiashara wengi hawatalinunua tena kwa sababu hawajui liliishi wapi. Mimi naandika kila kitu kwenye daftari la karatasi: tarehe, bei, namba ya kasha, ada ya mwaka. Nina rafiki mwenye jedwali la kompyuta la rangi saba na bado huniuliza mimi ada yake inalipwa lini.

Hatua ya 7: Kuuza

Uza wakati wanywaji bado wanautaka, si baada ya kupita ubora wake. Njia ya kawaida ni kumpa mfanyabiashara aliuze kwa niaba yako akiwa na kamisheni, au kulipeleka mnadani. Wapelekee wawili watatu namba ileile na picha zilezile. Bei zao zitatofautiana kuliko unavyodhani. Kasha la mbao ambalo halijafunguliwa, lililokaa ghalani muda wote, ndilo huondoka kwanza. Kuhusu kodi ya faida, watakwambia mvinyo ni mali inayochakaa kwa hiyo haitozwi. HMRC, mamlaka ya mapato ya Uingereza, huangalia kama mvinyo huo unaweza kuishi zaidi ya miaka hamsini, na mikubwa ya Bordeaux huishi. Tunza ankara zako. Na ukianza kununua na kuuza kama biashara, kuna usajili wa HMRC wa wenye bidhaa ghalani. Huo ni mwongozo mwingine.

Makasha mawili ya shemeji sasa yako kwa majina yake, yote matatu. Mwezi uliopita alinipigia tena: wana ubatizo, wageni sitini, na alikuwa anafikiria kutoa kasha moja "ili watu waone". Nimemtumia kwa simu orodha ya chupa za pauni tisa za supamaketi.