Namna ya kumletea mzee roboti ya mazungumzo nyumbani

Familia inayofikiria kumnunulia mzazi roboti ya mazungumzo ianze kwa kumwuliza mwenyewe, kabla ya fedha yoyote kutoka. Mzee anayekuta chombo kinachosema kimewekwa sebuleni mwake bila idhini yake ana haki ya kukikataa, hata akiwa anaielewa vyema teknolojia hiyo. Mwulizeni ni saa zipi huwa mpweke, ni mambo gani humpotea akilini, na yapi hataki kukumbushwa na yeyote. Huenda akajibu kwamba anataka mjukuu ashinde naye kila Jumamosi. Ikiwa ndivyo, msinunue kitu.

Akikubali, lugha ndiyo mtihani mkubwa zaidi. Roboti iitwayo Pepper ilizinduliwa Japani mwaka 2014, na nyingine iitwayo ElliQ, ambayo jimbo la New York, Marekani, lilianza kuwagawia wazee mwaka 2022, ilitengenezwa kwa wasemaji wa Kiingereza; zote mbili hazikuwalenga wasemaji wa Kiswahili. Hata programu inayojua Kiswahili sanifu yaweza kumkwaza bibi wa Kibokoni, Mombasa, anayezungumza Kimvita, lahaja ya huko, kwa hiyo msiridhike na maonyesho ya muuzaji: bibi mwenyewe aijaribu, kwa lafudhi yake na kwa kasi yake. Chagueni sauti nzito inayosema polepole, kwa kuwa uzeeni masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba.

Mwanzoni ipeni roboti kazi moja tu aliyoichagua yeye, kama vile kumkumbusha dawa ya presha, na ratiba hiyo hiyo ibandikwe ukutani, maana umeme na intaneti hukatika. Mwonyesheni jinsi ya kuinyamazisha, hasa wakati wa swala na wageni wanapobisha hodi. Isiwekwe chumbani anakolala. Swali lolote kuhusu kipimo cha dawa lipelekwe kliniki, kwa sababu programu hizi huweza kutoa jibu la uongo kwa ufasaha kamili.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na inampa mwenyewe uwezo wa kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Mtakeni muuzaji aeleze kwa maandishi sauti huhifadhiwa wapi, nani huisikiliza na hufutwaje.

Kwa mzee mwenye maradhi ya kusahau, msimwache aamini kwamba anaongea na mtu; akiuliza, aambiwe kweli kwa upole, kila mara. Mzee ambaye maneno yamempotea huenda akafaidika zaidi na Paro, roboti ya Japani yenye umbo la mtoto wa sili, mnyama wa baharini, ambayo haisemi bali huitikia inapopapaswa.

Baada ya wiki chache, izimeni na mumwulize tena, mkiwa mmeketi naye. Hesabuni pia ziara za watoto na majirani: zikiwa zimepungua tangu roboti iingie, rudisheni kwanza ziara hizo. Naye akisema iondolewe, iondolewe siku hiyo hiyo, bila kubembelezwa.