Kurekebisha Fremu ya Chuma ya Baiskeli ili Ipitishe Kava Zima la Waya

Baiskeli nyingi za milimani za mtumba zinazouzwa Afrika Mashariki zilipangiwa nyaya zake kwa namna moja: waya wa breki ya nyuma na ule wa gia hutoka kwenye usukani ukiwa ndani ya kava (ganda linalouzunguka waya), hufika kwenye kishikio kidogo kilichochomelewa kwenye bomba la fremu, kisha huendelea ukiwa mtupu hadi kishikio kinachofuata, ambapo huingia tena ndani ya kava. Mpangilio huo hupunguza uzito na msuguano, na kwenye lami kavu hauna kasoro. Lakini kwa mtu anayepita kila siku kwenye vumbi na tope, maji na mchanga huingia kwa kila mdomo wa kava, na haupiti muda kabla waya haujaanza kukwama na kushika kutu. Dawa yake ni kulipitisha kava moja bila kukatika kutoka usukani hadi nyuma, jambo ambalo vishikio vya fremu hiyo haviruhusu mpaka virekebishwe.

Kwanza hakikisha fremu ni ya chuma. Sumaku ikinata kwenye mabomba, endelea. Isiponata, fremu huenda ni ya alumini, na hiyo isipashwe moto wala kutobolewa bomba lake. Ya nyuzi za kaboni isiguswe kabisa.

Kabla ya kushika chombo chochote, amua upande ambao kava litapita. Baiskeli zilizotengenezwa kwa soko la Uholanzi au Ujerumani kwa kawaida huwa na breki ya nyuma kwenye mkono wa kulia, ilhali za Uingereza na Japani huiweka kushoto. Ukitaka kubadilisha mikono ya breki, fanya hivyo sasa, kwa sababu kava linalotoka upande usiofaa hulazimika kujikunja kwa ghafla mbele ya fremu, na kila kona kali huongeza msuguano.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuviacha vishikio kama vilivyo, ukalilaza kava kando yake na kulifunga kwa tai za plastiki kila baada ya sentimita 15 hadi 20. Haipendezi sana machoni, lakini inafanya kazi na inaweza kuondolewa wakati wowote. Ningemshauri kila mtu aanze hapo, aiendeshe baiskeli kwa majuma kadhaa, kisha aamue kama kuna haja ya kukata chuma.

Ikiwa haja ipo, kinachorekebishwa ni kishikio, si bomba. Kishikio cha kawaida kina tundu pana upande mmoja, linalopokea mwisho wa kava, na tundu jembamba upande wa pili, linaloruhusu waya pekee kupita. Kava la breki lina unene wa takriban milimita 5 na la gia milimita 4 au 5. Kwa hiyo kazi yote ni kulipanua tundu jembamba mpaka lilingane na lile pana. Ugumu wake uko mahali ambapo wengi hawautarajii: kishikio kimekaa karibu sana na bomba, na kichwa cha drili ni kinene, hivyo biti fupi huingia kwa mshazari, hula ukuta mmoja wa kishikio na pengine hukwaruza bomba lenyewe. Tumia biti ndefu, au, kama ninavyopendelea, achana na drili na utumie tupa nyembamba ya duara, ukiizungusha taratibu na kulipima kava kila mara. Ni kazi ya kuchosha mkono, lakini tupa haikimbii. Acha ukuta wa kutosha pande zote, lainisha kingo kwa msasa, kisha paka rangi ya kuzuia kutu na rangi ya juu kabla ya kufunga chochote. Fahamu kwamba kishikio kilichopanuliwa hakitafaa tena kwa waya mtupu.

Kuchomelea vishikio vipya ni suala jingine. Ukuta wa bomba la fremu nzuri ya chuma huweza kuwa chini ya milimita 1, hasa katikati ya bomba, na fundi wa mageti mwenye mashine ya umeme anaweza kuutoboa kwa mguso mmoja. Kazi hiyo huunganishwa kwa madini ya fedha, ambayo huyeyuka kwenye joto la chini kuliko shaba ya njano, na ifanywe na fundi aliyezoea mabomba membamba. Asipopatikana, kishikio cha kufungwa kwa bangili na skrubu kinatosha, mradi kipimo chake kilingane na bomba. Mabomba ya chuma mara nyingi huwa na kipenyo cha milimita 28.6 au 31.8. Kutoboa bomba ili waya upite ndani sikushauri, kwa kuwa tundu lisiloimarishwa ndipo ufa huanzia.

Unapoweka kava jipya, usitumie kamwe kava la gia kwenye breki: nyuzi zake zimelala kwa urefu badala ya kuzungushwa, na likikazwa kwa nguvu linaweza kupasuka. Pima urefu huku usukani ukiwa umegeuzwa hadi mwisho, kulia na kushoto, ili kava lisivutike wala kupinda. Likate kwa koleo kali, sawazisha mwisho kwa tupa, fungua mdomo wa bomba la plastiki la ndani kwa sindano nene, kisha vika kofia ndogo kwenye mwisho huo wa kava.

Ukishafunga waya, minya breki kwa nguvu zako zote mara kadhaa ili kila kiungo kikae mahali pake, kaza upya waya uliolegea, halafu pitisha gia zote huku gurudumu la nyuma likiwa limeinuliwa. Breki ikichelewa kurudi, tafuta kona iliyobana na uilegeze kabla ya kuipa baiskeli mzigo.