SOMO: Ndege ikipata hitilafu angani, marubani wanafanya nini (soma kabla ya kunipigia)

Wadau, salaam. Kila ndege ya uwanja wa Songwe, Mbeya, ikigeuzia njiani, simu yangu haipumui hadi usiku. Swali ni lile lile: "Fundi, injini ikifia hewani si inadondoka?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu.

Mimi ni fundi wa ndege mstaafu, niko Mbalizi. Si rubani. Ninachoeleza ni utaratibu wa ndege za abiria zenye marubani wawili, ziwe za panga kama Q400 na ATR, au za jeti kama A220.

1. Ndege kwanza, tatizo baadaye. Mmoja anabaki kuiendesha tu: mwendo, kimo, uelekeo. Mwingine ndiye anahangaika na hitilafu. Desemba 29, 1972, karibu na Miami, waliokuwa chumba cha rubani cha ndege ya abiria Eastern 401 waliinamia wote taa moja ya gurudumu la mbele iliyogoma kuwaka. Otopailoti (mtambo unaoiendesha ndege yenyewe) ikaacha kushika kimo bila mtu kugundua, ndege ikashuka taratibu hadi kwenye kinamasi. Kilichoharibika ni balbu.

2. Zima king'ora, soma taa. Kelele zinavuruga akili.

3. Thibitisha kabla ya kuzima chochote. Hapa someni polepole. Injini moja ikifa, ndege inaendelea na iliyobaki. Imeundwa na kupimwa hivyo, hata ikifa wakati wa kupaa. Kinachoua ni mkono wenye haraka. Februari 4, 2015, Taipei, ATR 72 ya TransAsia ilikuwa ndiyo kwanza imepaa. Mfumo wenye hitilafu ukalaza panga la injini ya kulia, nguvu ya upande ule ikapotea. Rubani akarudisha mpini wa nguvu wa injini ya kushoto, kisha akaizima injini ya kushoto, ambayo ilikuwa nzima. Alipogundua, ardhi ilikuwa imeshafika. Watu 43 kati ya 58 walikufa.

Utaratibu wenyewe ni huu: anayeshughulika anaweka mkono juu ya mpini, *hauvuti*. Anataja: "Injini namba mbili." Mwenzake anaangalia geji, anaangalia na ule mkono umeshika wapi, ndipo anajibu: "Namba mbili, sawa." Sasa unavutwa. Swichi ya mafuta, hivyo hivyo. Mpini wa kuzima moto wa injini, hivyo hivyo.

Onyo: mtetemo na harufu ya moshi havikuambii ni upande gani. Kegworth, Uingereza, Januari 8, 1989, marubani wa Boeing 737 walidhani moshi unatoka injini ya kulia, wakaizima. Mbovu ilikuwa ya kushoto. Kibaya zaidi, kapteni alitangaza "ya kulia" huku baadhi ya abiria wakiwa wameona moto kushoto, na hakuna aliyefungua mdomo. Walikufa 47. Kwa hiyo ukiona moto, mwambie mhudumu na *utaje upande*. Usione aibu.

4. Chekilisti. Hatua chache wanazijua kwa kichwa, zilizobaki zinasomwa kwa sauti, mstari kwa mstari. Haikimbizwi. Qantas 32, Novemba 4, 2010, injini ya A380 ilipasuka baada ya kutoka Singapore. Walikaa angani karibu saa mbili wakishughulikia maonyo yaliyojazana. Watu wote 469 walishuka wazima.

5. Mnara wa kuongozea ndege, kwa redio. "Mayday" mara tatu kwa hatari kubwa, "Pan-Pan" kwa ya wastani, transiponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) inawekwa namba ya dharura, 7700.

6. Wahudumu. Kapteni anawapa mambo manne: tatizo ni nini, tunakusudia kufanya nini, muda uliobaki, na maelekezo maalumu. Wanayarudia kwake neno kwa neno.

7. Kutua. Zimamoto wanasubiri pembeni. Ukiwaona usipige kelele, wameitwa mapema makusudi.

---

Mwanjelwa Boy: Kwa hiyo injini ikizima ndege inaanguka au haianguki?

Fundi: Hatua ya 3, sentensi ya tatu.

Mwanjelwa Boy: Ndefu mkuu, nipe kwa kifupi. Na kwa nini abiria wasipewe parachuti?

Fundi: Haianguki. Parachuti utaivaa wewe na bibi aliyeketi siti ya nyuma, kwa mwendo ule, mlango gani? Soma somo.

Binti Tukuyu: Shikamoo baba. Nilipanda ndege ya panga, mhudumu hakuonyesha barakoa za oksijeni zinazodondoka. Amesahau, au hazipo?

Fundi: Marahaba mwanangu, swali zuri sana. Hazipo, na si wizi. Ndege nyingi za panga haziruhusiwi kuvuka futi 25,000, na presha ikipotea zinaweza kushuka haraka hadi kwenye hewa ya kutosha. Jeti zinapanda juu zaidi, ndiyo maana zinazo. Ila kuna utamu wa kwetu hapo. Vitabu vinasema shuka hadi futi 10,000, *au* kimo salama cha eneo hilo, chochote kilicho juu zaidi. Rungwe lako lina karibu mita 2,960, yaani futi kama 9,700. Ukishuka 10,000 na wingu limefunika, unakaribia kukwaruza mlima. Kwa hiyo juu ya Nyanda za Juu marubani wanaishia juu zaidi, wakiwa wamevaa barakoa zao wenyewe, mpaka watoke milimani.

Binti Tukuyu: Ndaga fijo!

Dereva wa Kitonga: Kamwene mkuu. Sisi tukishuka Kitonga, hewa ya breki ikiisha tumekwisha. Ndege haidroliki, yale mafuta ya presha yanayosukuma mitambo, ikiisha?

Fundi: Kamwene. Tofauti ni kwamba mifumo ni miwili au mitatu, kila mmoja na njia yake. Breki zinazotumia haidroliki zina akiba ya presha ya dharura. Magurudumu yakigoma, rubani anavuta mpini, kufuli zinaachia, yanashuka kwa uzito wake. Kupoteza mifumo yote ni nadra mno. Ilitokea United 232, Julai 19, 1989: DC-10 ikaongozwa kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki hadi Sioux City. Ilivunjika wakati wa kutua, lakini 184 kati ya 296 waliokoka.

Mchambuzi wa Soweto: Wewe si rubani, unatufundisha kama nani?

Fundi: Aya ya pili nimeandika si rubani. Hatua yenye kosa itaje namba, nirekebishe.

Mama Parachichi, Njombe: Mbona yetu ilikaribia Songwe ikarudi Dar? Si ingetua tu hapo?

Fundi: Moto ungewaka wangetua hapo hapo mama, hakuna mjadala. Hitilafu ya kawaida wanapima. Songwe iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, milima iko jirani. Ikibidi kughairi kutua na kupaa tena kwa nguvu pungufu, Dar ni rahisi zaidi. Tena vipuri na mafundi wako Dar. Mkizungushwa angani nusu saa pia msilalamike: wanamalizia chekilisti, na pengine ndege ni nzito mno kutua. Hizi zetu hazina bomba la kumwaga mafuta, dawa ni kuyachoma.

Mama Parachichi, Njombe: Asante. Na pawa benki naruhusiwa kuweka kwenye boksi la parachichi?

Fundi: Hapana! Betri ikishika moto kwenye shehena nani ataiona? Iwe kwenye mkoba wako wa mkononi, juu kwa abiria. Parachichi ndiyo ziende chini.

Mwanjelwa Boy: Na mchele wa Kyela?

Fundi: Chini. Umeshasoma hatua ya 3?