Linux kwa steshenari ya Tanga: eneokazi, printa na Kiswahili chake

Mashine ya mtumba yenye Core i5 ya kizazi cha 4 na RAM ya GB 4 bado ina nguvu ya kuchapa barua, kujaza fomu za mikopo ya wanafunzi na kuprinti siku nzima. Kilichoisha ni Windows 10 yake: masasisho ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo kwa Intel huanzia kizazi cha 8. Mwenye steshenari pale Ngamiani ana njia tatu: anunue mashine nyingine, aendelee na mfumo usiozibwa matundu huku flashi za wateja zikiingia na virusi vyake, au aweke Linux, mfumo huria unaoshika nafasi ya Windows. Mwongozo huu ni wa njia ya tatu, na msimamo wake ni mmoja: eneokazi, yaani upau, menyu na madirisha unayoyaona kwenye skrini, lichaguliwe kwa kupima RAM na kazi za duka, si kwa picha nzuri za mtandaoni.

Anza na kazi, si na flashi

Andika kwenye karatasi kazi zinazoingiza hela. Maombi ya ajira, mikopo na fomu za vitambulisho ni tovuti, na Firefox inazifungua kama kawaida. Barua, CV na mitihani ya shule hufunguka kwa LibreOffice. Picha za pasipoti zinakatwa vizuri kwa GIMP. Tatizo ni kadi za harusi na mialiko. Faili la Publisher hufunguka kwenye LibreOffice Draw, na la CorelDRAW huingia Inkscape, lakini maandishi huhama na vivuli hupotea. Duka ambalo riziki yake ni kadi za CorelDRAW au Photoshop liiache Windows kwenye mashine hiyo moja, liitoe kwenye intaneti, na liweke Linux kwenye mashine za kuchapa na kuprinti. Anayekuambia Linux inabeba kila kitu hajawahi kukabidhi kadi 200 Alhamisi kwa harusi ya Jumamosi.

Kuweka mifumo miwili kwenye diski moja hatushauri dukani. Windows ikizimwa na kipengele chake cha kuwaka haraka, haifungi sehemu yake ya diski kikamilifu. Linux ikiikuta hivyo huifungua kwa kusoma tu, na mfanyakazi anabaki kushangaa kwa nini faili halihifadhiki.

Chumvi ya bahari kwanza

Tanga mashine huvuta hewa ya chumvi mwaka mzima, na masika huongeza unyevu. Meno ya RAM hupata kutu nyepesi. Dalili zake ni milio wakati wa kuwasha, au kuganda bila mpangilio, na watu huusingizia mfumo. Chomoa umeme na betri, toa RAM, sugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, futa kwa kitambaa kikavu, rudisha. Kama kuganda kunaendelea, endesha `memtest86+`, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Hata kosa moja jekundu linatosha kuikataa RAM hiyo.

Angalia pia betri ya CR2032 kwenye ubao mama. Ikifa, saa hurudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika. Hapo tovuti zote hulalamikia vyeti vya usalama, na `apt` hukataa kusasisha kwa kudai orodha zake bado hazijaanza kutumika. Watu wamefuta mfumo mzima na kuusakinisha upya kwa sababu ya kibetri hiki.

Halafu diski. Linux ikishawaka, fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, sakinisha `smartmontools`, kisha andika `sudo smartctl -a /dev/sda`. Mstari wa `Reallocated_Sector_Ct` ukiwa na namba kubwa kuliko sifuri kwenye safu ya mwisho, na inaongezeka wiki hadi wiki, diski inakufa. Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, ya SATA ya GB 240. Inaongeza kasi kuliko eneokazi lolote utakalochagua.

Eneokazi lipi

Kwenye Linux, upau, menyu na madirisha ni programu iliyokaa juu ya mfumo, unaweza kuibadilisha kama shuka. Maeneokazi ya KDE na Xfce yalianza 1996, GNOME ikafuata 1997. GNOME ilipojibadili sana mwaka 2011, waliopenda mpangilio wa zamani waliitumia haki ambayo leseni huria inawapa: MATE ikaendeleza msimbo wa zamani, na watu wa Linux Mint wakaanzisha Cinnamon. Wengine huona huo ni mgawanyiko wa bure. Kwa mwenye mashine ya GB 4 ni neema, maana bila hao wabishi asingekuwa na pa kwenda.

Kwa RAM ya GB 4, weka Xfce. Kwa GB 8, Cinnamon au KDE Plasma. Plasma ya leo si ile nzito ya zamani, ila ina vitufe vingi mno vya kubadilisha, na mfanyakazi mdadisi anaweza kuupoteza upau mzima kabla ya adhuhuri. GNOME ni safi na imejengwa kwa uangalifu, lakini haina upau wa chini uliozoeleka; mtu aliyejifunzia Windows atauliza dirisha lake limekwenda wapi. Kwa RAM ya GB 2 usijidanganye: hata eneokazi jepesi halitakuokoa ukifungua vichupo vitano vya Firefox. Ongeza RAM.

Usiamini maneno, pima. Washa kutoka flashi yenye Linux (kuiandaa kumeelezwa sehemu inayofuata), fungua Firefox na vichupo vinne pamoja na waraka mmoja wa LibreOffice, kisha andika `free -h` kwenye terminal. Soma safu ya `available`, usisome ya `free`, kwa sababu Linux hutumia RAM iliyolala kutunza mafaili ya karibuni na huiachia ikihitajika. Ikibaki chini ya nusu GB, eneokazi hilo ni zito kwako.

Kusakinisha

Kwa duka, chaguo letu ni Linux Mint 22 toleo la Xfce: linatunzwa hadi 2029, na Firefox yake huja kama kifurushi cha kawaida cha `deb`, jambo linalookoa bando. Faili lake ni karibu GB 3. Lipakue usiku, halafu hakiki kabla ya kuliandika: kwenye Windows tumia `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili na neno `SHA256`, ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti ya Mint. Bando likikatika katikati, faili huonekana zima lakini usakinishaji hufa njiani.

Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus, programu ya Windows ya kutengeneza flashi ya kuwashia. Wakati wa kuwasha, bonyeza F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo nyingi. Ukifika, usisakinishe kwanza. Chomeka printa na ujaribu, jaribu Wi-Fi, jaribu sauti. Wi-Fi ya Broadcom mara nyingi hukaa kimya hadi ipate kiendeshi. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kusambaza intaneti kwa USB, na mashine itapata mtandao wa kushushia kiendeshi hicho kupitia dirisha la viendeshi vya ziada. Kisakinishi kisipoiona diski kabisa, ingia BIOS, mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, ubadilishe SATA kutoka RAID kwenda AHCI.

Nakili kazi zote za duka kwenye diski ya nje, ifungue kwenye mashine nyingine kuthibitisha zinasomeka, ndipo ufute.

Karatasi, fonti, printa

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, na wateja huondoka.

Ukichagua Kiingereza cha Marekani, ukubwa wa karatasi unakuwa Letter. Printa nayo inasimama inawasha taa, inasubiri karatasi ambayo Tanga nzima hakuna. Kwenye mipangilio ya lugha, weka eneo la Uingereza au Tanzania. Andika `echo a4 | sudo tee /etc/papersize`, kisha fungua `localhost:631` kwenye Firefox na uweke A4 kuwa chaguo la kwanza la kila printa. Nyaraka zilizokwisha kuundwa kwa Letter zitabaki hivyo. Zibadilishe moja moja kwenye mtindo wa ukurasa.

Mteja analeta CV ya kurasa mbili, kwenye skrini yako zinakuwa tatu. Kosa si la LibreOffice peke yake: CV iliandikwa kwa Calibri, ambayo huna, na fonti iliyoshika nafasi yake ina herufi pana zaidi. Carlito ina upana uleule wa Calibri, Caladea uleule wa Cambria, na Liberation hubeba Arial na Times New Roman. Zilete pamoja na kamusi ya tahajia ya Kiswahili:

`sudo apt-get update`
`sudo apt-get install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea hunspell-sw`

Ukishaweka lugha ya waraka kuwa Kiswahili cha Tanzania, mistari myekundu chini ya kila neno hupungua sana.

Printa za HP hushughulikiwa na HPLIP, kiendeshi chake cha Linux, lakini baadhi, kama LaserJet P1102, zinahitaji kipande cha ziada kisicho huria. Bila hicho kazi hutumwa, foleni husema imekamilika, na karatasi haitoki. Andika `hp-plugin` ukiwa na intaneti. Kila HPLIP ikipanda toleo, kipande hicho lazima kiletwe upya, ndiyo maana printa iliyofanya kazi jana hugoma leo baada ya masasisho. Epson za matangi, mfululizo wa L, nyingi hukubali `printer-driver-escpr`. Canon LBP6030 inahitaji kiendeshi cha UFR II kutoka tovuti ya Canon.

Bando na umeme

Mashine ya pili isipakue tena. Amri ya `apt-get` huacha vifurushi kwenye `/var/cache/apt/archives`, wakati `apt` fupi huvifuta baada ya kusakinisha. Kwa hiyo tumia ndefu. Nakili mafaili ya `deb` kwa flashi hadi folda ileile ya mashine ya pili, fanya `sudo apt-get update`, kisha toa amri ileile ya kusakinisha. Itavikuta na kuvitumia. Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu, iache hadi upate Wi-Fi ya bure, kwa sababu programu moja ndogo huweza kuvuta mamia ya MB ya vitegemezi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, safari nyingine mashine itawaka na kuishia kwenye maandishi ya `(initramfs)`. Diski inataka ukaguzi tu. Andika `fsck -y /dev/sda2`, ukiweka jina la sehemu iliyotajwa kwenye ujumbe badala ya `sda2`, kisha `reboot`. Weka LibreOffice ijihifadhi kila dakika 3. Timeshift nayo iwashwe, lakini elewa kazi yake: inarudisha mfumo. Mafaili ya wateja kwenye folda ya nyumbani haiyagusi kwa kawaida, hayo unayanakili mwenyewe.

Kurekebisha Kiswahili chake

Kiingereza kina neno moja, `free`, kwa bure na kwa huria. Sisi tunayo mawili, tuyatumie. Bure ni bei. Huria ni haki ya kuufungua msimbo, kuurekebisha na kuugawa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, menyu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya aina hiyo haiishi, kwa sababu kila toleo huleta maneno mapya, na anayejua Kiswahili cha pwani anaweza kuifanya bila kuandika mstari wa msimbo. LibreOffice hutafsiriwa kwenye Weblate, GNOME kwenye `l10n.gnome.org`, na programu za Mint kwenye Launchpad.

Ugumu wake ni ngeli. Msimbo mara nyingi una neno `New` peke yake, na programu hulibandika popote. Lakini sisi tunasema faili jipya, folda mpya, kitabu kipya. Usikisie: soma maelezo ya `msgctxt`, yaani muktadha wa neno, na mahali neno linapotokea, na kama neno moja linatumika kwa majina mengi, waandikie wasanidi uwaombe sentensi kamili kwa kila jina. Wengi hukubali, maana hata lugha nyingine za ngeli na jinsia huumia hapohapo. `Open` nayo ni kitenzi kwenye menyu, yaani Fungua, lakini kwenye hali ya mlango wa mtandao ni Uko wazi.

Amua mapema faili liko ngeli gani. Wapo wasemao mafaili yamefutwa, wapo wasemao faili zimefutwa. Chagua moja, iandike kwenye faharasa ya timu, ishikwe hadi mwisho. Umoja na wingi huandikwa kwa kanuni hii:

`Plural-Forms: nplurals=2; plural=(n != 1);`

Alama za `%d` na `%s`, ambamo programu hujaza namba na maneno, lazima zibaki zote. Mpangilio ukibadilika, tumia `%1$s` na `%2$s`. Zikigeuzwa kiholela, programu huweza kuanguka. Saa ziache kama zilivyo: ikisema 8:00 usiigeuze iwe saa 2, kwa kuwa tarakimu hutoka kwenye msimbo.

Ukimaliza faili la PO, yaani la tafsiri, likague kwa `msgfmt -c -v sw.po`, sahihisha kila mstari inaoulalamikia, kisha fungua programu yenyewe uone kama maneno yanaenea kwenye vitufe. Kiswahili hurefuka kuliko Kiingereza, na kitufe kinachosomeka "Hifadhi mabadil…" kinahitaji neno fupi zaidi, au ripoti kwa wasanidi. Ripoti iwe na kosa moja, toleo la programu, hatua za kulirudia, ulichotarajia na kilichotokea, pamoja na matokeo ya `inxi -Fxz`. Ile `z` huficha anwani za vifaa vyako.